Picha za Taa kwa Gharama Ndogo

Hotuba kwa waalimu wa shule za msingi za Thika na Ruiru



Mwalimu aingiapo darasani na jani la mbuni mkononi ana somo zuri, lakini ana jani moja tu. Akiliinua juu, watoto wa dawati la mbele huona mishipa yake, watoto wa katikati huona jani, na watoto wa nyuma huona mkono wa mwalimu. Akilipitisha toka mkono hata mkono, jani hufika nyuma limekwisha nyauka, na maelezo yake yamekwisha pita. Mtoto wa nyuma huandika katika daftari maneno aliyoyasikia, na siku ya mtihani huyarudisha kama alivyoyapokea. Maneno ameyajua; jani hakulijua.

Kusikia si kuona. Hotuba hii yahusu chombo kimoja cha zamani kiwezacho kupunguza tofauti hiyo kati ya mtoto wa mbele na mtoto wa nyuma, nacho ni taa ya picha, pamoja na zile picha ndogo za kioo ziitwazo slaidi. Madhumuni yake ni kuonyesha kwamba mwalimu wa Thika au wa Ruiru aweza kuzitengeneza slaidi mwenyewe kwa vitu ambavyo aghalabu hutupwa. Tena kwamba zile azitengenezazo mwenyewe zina faida ambayo haikupatikana katika slaidi za kununua.

ASILI YA TAA YA PICHA

Taa ya picha si uvumbuzi wa jana. Mtaalamu wa Uholanzi, Christiaan Huygens, alichora picha za kutumiwa katika taa ya namna hiyo mwaka 1659. Kazi yake ni rahisi kuieleza: nuru hupita katika picha iliyo juu ya kioo, kisha hupita katika lenzi, na lenzi huikuza picha ile juu ya ukuta au kitambaa cheupe.

Mmoja wa watu walioichukua taa hii katika safari za Afrika alikuwa David Livingstone. Mwaka 1854 aliionyesha katika baraza ya Chifu Shinte wa Walunda. Picha ya kwanza ilikuwa ya Ibrahimu akiinua kisu juu ya mwanawe. Livingstone alipoiondoa slaidi ile, kisu kilionekana kuwaelekea wanawake waliokuwa wameketi pale, nao wakakimbia wakipiga kelele. Shinte mwenyewe aliketi mpaka mwisho, kisha akaichunguza taa kwa makini. Yafaa waalimu wakumbuke jambo hilo, kwa kuwa Shinte ndiye aliyefanya jambo la busara kuliko wote: alitaka kujua jinsi chombo chenyewe kilivyofanya kazi. Basi mwalimu na aanze kwa kulifungua sanduku la taa mbele ya watoto, wauone moyo wake, washike lenzi, kisha ndipo taa iwashwe. Mtoto aliyekwisha jua siri ya taa huitazama picha. Asiyeijua huitazama taa.

Baadaye, kati ya miaka 1935 na 1937, palikuwa na jaribio kubwa la filamu za mafunzo ambalo makao yake yalikuwa Vugiri, Tanganyika. Filamu hizo zilitembezwa kwa gari na kuonyeshwa katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki na ya Kati, Kenya ikiwa mojawapo. Filamu ina nguvu yake, kwa maana yaonyesha mwendo. Lakini filamu hupita, na slaidi hungoja. Mtoto akiuliza swali, picha hubaki mahali pake hata swali lijibiwe. Kwa darasa, hiyo si faida ndogo.

Slaidi za kununua, zilizokuwa na filamu ya milimita 35 ndani ya fremu ya sentimita 5 kwa 5, zilienea duniani kwa muda wa nusu karne na zaidi, mpaka kampuni ya Kodak ilipoacha kutengeneza projekta zake mwaka 2004. Siku hizi kuna projekta za kompyuta, na simu za mkononi zenye kamera. Shule iliyo navyo na ivitumie. Lakini si kila darasa lina chombo hicho, wala si kila siku kuna umeme, na mtumai cha ndugu hufa maskini. Mwalimu anayengojea chombo kikubwa kije huenda akawangojesha watoto mpaka watoke shuleni.

VIFAA VYA SLAIDI

Fundi wa madirisha akatapo vioo hubakiwa na vipande visivyomfaa. Mwalimu akimwomba amkatie vipande hivyo viwe sentimita 5 kwa 5, huvipata bure au kwa fedha kidogo sana. Kingo za kioo ni kali. Kwa hiyo zisuguliwe juu ya jiwe la kunolea lililoloweshwa maji kabla mtoto hajazigusa. Kisha vioo vioshwe kwa sabuni na kukaushwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kwa maana alama ya kidole iliyo juu ya kioo huonekana ukutani kubwa kama sahani.

Njia za kutia picha ni nne, na kila moja ina kazi yake.

Njia ya kwanza ni kioo cha moshi. Kioo hushikwa kwa koleo juu ya mwali wa mshumaa au koroboi mpaka kiwe cheusi kote. Kikipoa, mwalimu huchora juu ya masizi kwa ncha ya sindano. Ukutani mistari huonekana myeupe katika giza, safi kuliko chaki ubaoni. Njia hii yafaa sana kwa ramani, herufi na hesabu za maumbo. Kioo cha pili hufunikwa juu yake, kikitengwa kwa vipande vyembamba vya karatasi pembeni ili masizi yasifutike, kisha kingo zote hufungwa kwa selotepu.

Njia ya pili ni kioo kilichosagwa. Unga wa kusagia valvu, unaouzwa katika maduka ya vipuri vya magari, hutiwa kidogo juu ya kioo pamoja na maji. Kisha kioo cha pili husuguliwa juu yake kwa kuzunguka-zunguka mpaka vyote viwili viwe na ukungu. Juu ya kioo hicho penseli na kalamu za rangi huandika kama juu ya karatasi. Picha ikiisha kazi huoshwa, na kioo hutumika tena.

Njia ya tatu haihitaji mchoraji. Ni kukiweka kitu chenyewe katikati ya vioo viwili: bawa la panzi au la kumbikumbi, ngozi nyembamba ya kitunguu, unyoya mdogo wa kuku, mbegu yenye mabawa, au jani changa lililo jembamba. Kitu hicho sharti kikauke kwanza ndani ya magazeti, chini ya mawe, kwa siku kadhaa. Ama sivyo maji yake hutia ukungu ndani ya kioo na kuvu huota. Jani nene halipitishi nuru; litatoa kivuli cheusi tu, ambacho hata hivyo chatosha kufundisha umbo la ukingo wake.

Njia ya nne ni plastiki angavu. Nyumba nyingi zimehifadhi picha za eksirei za zamani ambazo hazina kazi tena. Kwa idhini ya wenyewe, filamu hizo huloweshwa katika maji yaliyotiwa dawa ya kung'arisha nguo, kama Jik. Ule weusi hulainika na kutoka kwa kufutwa, ikabaki plastiki angavu yenye rangi ya samawati kidogo. Kazi hii ifanywe na mwalimu mwenyewe, nje penye hewa, mikono ikiwa ndani ya glavu, na dawa ile isichanganywe kamwe na dawa ya kusafishia vyoo wala siki, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Plastiki ikikauka hukatwa kwa mkasi na kuandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika kwa maji. Slaidi za namna hii hazivunjiki, na watoto waweza kuzibeba.

Kwa njia zote nne, maandishi yawe machache. Iko kanuni nyepesi ya kupimia: slaidi ikishikwa kwa mkono mbele ya macho, umbali wa sentimita 30, maandishi yake yasomeke bila taabu. Yasiposomeka hivyo, mtoto wa nyuma hatayasoma ukutani.

TAA YENYEWE

Taa hutengenezwa kwa katoni imara, tochi ya umeme yenye nuru kali, na vioo viwili vya kukuzia vya mkono. Kioo cha kwanza, kilicho kipana kuliko picha, huwekwa kati ya tochi na slaidi, karibu sana na slaidi. Kazi yake ni kuikusanya nuru, kwa maana bila hicho katikati ya picha hung'aa na pembe zake hubaki gizani. Kioo cha pili huwekwa mbele ya slaidi, nacho ndicho kinachoikuza picha. Hiki hutiwa katika mrija wa karatasi ngumu uwezao kuvutwa mbele na kurudishwa nyuma, ili picha isafike. Kadi nyeusi yenye tundu la sentimita 2 ikibandikwa mbele yake, picha hupoteza nuru kidogo lakini pembe zake huwa safi zaidi.

Ili kuujua urefu wa nguvu ya lenzi, mwalimu husimama ndani ya chumba mbali na dirisha, akaishika lenzi mbele ya karatasi nyeupe mpaka mti ulio mbali nje uonekane wazi juu ya karatasi. Umbali kati ya lenzi na karatasi ndio urefu wenyewe. Tuseme ni sentimita 10. Taa ikiwekwa mita 3 kutoka ukutani, yaani sentimita 300, mwalimu agawanye 300 kwa 10 apate 30, kisha atoe moja. Picha itakuzwa karibu mara 29. Mchoro wenye upana wa sentimita 4 utakuwa na upana wa sentimita 116 ukutani. Nayo ni desturi njema kwamba mtazamaji wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara sita ya upana wa picha. Kwa hiyo, kwa picha hiyo, dawati la mwisho lisizidi mita 7. Hesabu hii yafaa ifanywe na watoto wenyewe wa madarasa ya juu, kwani ni somo kamili.

Lenzi hugeuza picha juu chini. Basi mwalimu husimama nyuma ya taa akiutazama ukuta, akaishika slaidi isomeke sawasawa, kisha akaigeuza kichwa chini bila kuipindua mbele nyuma, na kuitia. Ili asikosee mbele ya darasa, hubandika alama ndogo katika pembe ya chini ya kushoto wakati slaidi inaposomeka sawasawa. Slaidi ikitiwa ipasavyo, alama ile huwa juu upande wa kulia, chini ya dole gumba lake.

Madirisha yafunikwe kwa mablanketi au magunia, lakini mlango usifungwe kwa komeo, na hewa ipate pa kupitia. Wala pasiwe na mtu wa kutia koroboi au mshumaa ndani ya katoni. Moto haukubaliani na karatasi.

MASOMO YALIYOMO THIKA NA RUIRU

Sasa hotuba imefika mahali pake penye maana zaidi. Slaidi za kununua zilionyesha mito ya Ulaya na mashamba ya nchi nyingine, wala ni vigumu kuwalaumu waliozitengeneza, kwani walichora walichokijua. Mto wa Ruiru nani atauchora ila mtu wa Ruiru?

Ichukuliwe mito hiyo kwanza. Kati ya mji wa Ruiru na mji wa Thika ni mwendo wa kilomita 20 tu au karibu na hapo. Mto Chania hukutana na Mto Thika pale Thika, na maji yake huingia katika Mto Tana, yakafika baharini karibu na Kipini. Maji ya Mto Ruiru nayo hushuka kwenye Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana na kisha Sabaki, yakaingia baharini kaskazini ya Malindi. Mvua ya wingu moja, ikianguka huku na huku, hufika Bahari ya Hindi kwa milango miwili. Mwalimu achore mito juu ya plastiki angavu. Juu yake aweke plastiki ya pili yenye miji, iliyoandikwa kwa wino. Kwanza watoto waone maji peke yake. Kisha plastiki ya miji iongezwe, nao waulizwe kwa nini miji iko pale ilipo. Somo hilo halimo katika slaidi ya kununua.

Halafu kuna kahawa. Ruiru ilizungukwa na mibuni, na kituo chake cha utafiti ndicho kilichotoa mwaka 1985 aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyo hodari kustahimili kutu ya majani na ule ugonjwa wa matunda uitwao chulebuni, ambao wakulima wengi wa Kenya huuita CBD. Kutu ndiyo iliyoanza kuangamiza mashamba ya kahawa ya Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, tangu mwaka 1869, hata wenye mashamba wakageukia chai. Chulebuni yenyewe ilitambuliwa kwanza hapa Kenya, mwaka 1922. Ni magonjwa yaliyoondoa karo za shule katika nyumba nyingi.

Lakini mambo yamebadilika. Tangu barabara kuu ya Nairobi na Thika ilipokamilika kupanuliwa mwaka 2012, majumba mengi yamesimama mahali palipokuwa na mibuni, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Ruiru iliipita Thika kwa wingi wa watu. Yuko mtoto wa Ruiru ambaye hulala ghorofa ya nne, juu ya ardhi iliyokuwa shamba la kahawa, naye hajapata kuliona tunda la kahawa mtini. Yuko na mwenzake, wa dawati lile lile, ambaye babu yake angali akichuma. Slaidi tatu zatosha kuwakutanisha. Ya kwanza ni upande wa chini wa jani zima. Ya pili ni jani lile lile lenye madoa madogo ya manjano hafifu. Ya tatu ni jani lenye unga wa rangi ya machungwa. Jani la mbuni ni nene, kwa hiyo picha hizi huchorwa kwa rangi juu ya kioo kilichosagwa, mchoraji akilitazama jani lenyewe. Jani lenye ugonjwa litazamwe lilipo, lisichukuliwe kupitishwa katika shamba jingine, kwa kuwa unga ule ndio mbegu ya ugonjwa.

Slaidi zinapoonyeshwa, mwalimu asitangulie kusema. Aulize tu, "Mnaona nini?" na kungoja. Huenda yule mjukuu wa mkulima akajibu, "Mwalimu, hiyo ni ile iliyoingia kwa guka mwaka jana." Hapo mtoto amekuwa mwalimu wa wenzake, na somo limeshika mizizi. Tena pembeni ya kila kitu kilichokuzwa pachorwe punje ya mahindi kwa kipimo kile kile, ili asiwepo mtoto wa kudhani kwamba madoa ya kutu ni makubwa kama vifuniko vya sufuria.

MACHO NA MIKONO

Thika pana shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, nayo yatoa fundisho kwa kila mwalimu jirani. Mtu hujifunza kwa mikono na masikio pia. Katika madarasa ya kawaida wamo watoto ambao macho yao ni dhaifu na pengine hawajapata kusema. Mtoto anayekunja uso na kusogea mbele taa inapowashwa, au anayenyamaza kila picha inapoulizwa, amwonyesha mwalimu jambo ambalo ubao haukulionyesha. Wazazi wake waarifiwe ili apelekwe kwa daktari wa macho, naye apewe nafasi ya mbele. Na baada ya taa kuzimwa, majani, mbegu na manyoya yapitishwe mikononi mwa wote. Picha haikuja kuchukua mahali pa kitu. Imekuja kumwonyesha mtoto cha kutafuta atakapokishika.

Mwisho, slaidi ziwekwe katika kisanduku chenye mifuo, kila moja ikiandikwa jina lake, mahali kitu kilipopatikana, mwaka, na jina la darasa lililoitengeneza. Vipande kumi kwa muhula si kazi kubwa, na haba na haba hujaza kibaba. Baada ya miaka michache shule itakuwa na hazina ambayo haiuzwi katika duka lolote, yenye mito yake, wadudu wake, mimea yake na magonjwa yake. Mibuni mingine itakuwa imekwisha kung'olewa wakati huo. Lakini mtoto wa dawati la nyuma atakuwa ameliona jani lake, kubwa kama mlango, mshipa kwa mshipa, kama mwenzake wa mbele alivyoliona.